Disketi ya Tisa

Mama yangu, Murugi, alikuwa na miaka hamsini na tisa alipoamua kuibadilishia mfumo kompyuta ya nyumbani mwenyewe, bila kunisubiri. Nilikuwa nimemwahidi kwamba ningekuja Desemba kuifanya kazi hiyo. Lakini huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1997, na yeye aliona Desemba iko mbali mno kwa mtu ambaye macho yake yanapungua nguvu kila wiki.

Mtu huyo alikuwa baba yangu, Moffat Nderitu. Baba alikuwa fundi wa maji. Kati ya mwaka wa 1974 na 1981 watu wa vijiji vyetu, juu ya Karatina, walichimba mitaro kwa mikono yao, kila boma kipande chake, mpaka maji ya msituni yakafika kwenye nyumba zao. Wao walichimba na baba akaunga mabomba, kuanzia kwenye chanzo kule juu hadi tangi la mwisho lililo karibu na kiwanda cha kahawa. Ramani ya kazi hiyo ilitunzwa katika ofisi ya mradi mpaka paa likavuja, na siku walipoihitaji wakakuta karatasi imeshikana kama chapati mbichi. Tangu hapo ramani ikawa ni baba. Bomba likipasuka, mtu anatumwa kumwita Moffat aje aonyeshe mahali pa kuchimba.

Ofisi yetu Nairobi ilipobadilisha mashine mwaka wa 1995, mimi nilipewa moja ya zile za zamani nikawapelekea wazazi wangu. Nilidhani ingekuwa ya mama, kwa sababu yeye alipiga taipu katika mahakama ya Nyeri kwa miaka ishirini na minane. Lakini baba ndiye aliyeiwekea kiti. Alisema ataandika kitabu cha mabomba, bomba moja moja na vali moja moja, ili siku akiwa hayupo watu wasichimbe shamba zima kutafuta inchi mbili za chuma. Alikiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa mafundi na mainjinia wanaotumwa na serikali hutoka kila mahali. Mama alimfundisha kuandika bila kutazama vidole, mkono wa kushoto kwenye A, S, D na F, wa kulia kwenye J, K, L na kitufe kinachofuata. Baada ya miezi mitatu baba alikuwa anaandika vizuri kuliko makarani wawili ambao mama aliwafundisha mahakamani. Huo ni ushahidi wa mama, na mama hana mazoea ya kumsifu baba.

Kwa jambo moja tu walikuwa wakigombana. Baba hakutaka kitabu kisomwe kabla hakijaisha. Alikuwa hivyo hata mtaroni. Hakupenda mtu asimame juu yake wakati anaunga bomba.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtindo wa zamani. Ukiiwasha unapata kioo cheusi, unaandika amri, na herufi zake zina ukubwa mmoja, upende usipende. Kwa mwaka mmoja haikuwa shida. Kisha baba akaanza kusogeza kiti mbele, halafu pua ikawa karibu kugusa kioo. Hospitali wakamwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, wakamweleza kwamba kilichopotea hakirudi ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Baba akarudi nyumbani akasema daktari amemwambia yuko sawa, shida ni kioo kina herufi ndogo kama siafu.

Mama aliponieleza hayo kwa simu, nilimwambia kuhusu Windows mpya. Kazini tulikuwa nayo. Unaweza kuamuru maandishi yawe makubwa unavyotaka, meupe juu ya weusi, na ukurasa wote ukafuata. Mama aliuliza swali moja tu, kama mashine yao ina nguvu ya kuibeba. Nikasema inayo, kwa shida kidogo. Nikanunua seti nzima, disketi kumi na tatu ndani ya sanduku, nikaongeza kipanya, kwa maana mashine ile haikuwahi kuwa nacho, na barua ya kurasa tatu yenye maelezo, nikatuma mzigo Karatina. Mwisho wa barua niliandika kwamba wasiguse chochote mpaka nije. Mama anasema ukurasa huo haukumfikia. Mimi nimeuona kwa macho yangu, umekunjwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Alianza Jumamosi asubuhi baada ya kukamua ng'ombe. Jambo la kwanza alilofanya ni kutoa nakala mbili za kitabu cha baba, kwenye disketi mbili tofauti, kama vile alivyokuwa akiweka karatasi za kaboni chini ya kila hukumu. Nakala moja aliitia ndani ya mkebe wa kakao. Nyingine alimpelekea jirani yetu Kabura, akamwambia aiweke mbali na moshi na asiulize. Halafu akavaa miwani, akaketi, akaingiza disketi ya kwanza.

Mashine ilimuuliza maswali, naye akayajibu moja baada ya jingine kwa kufuata barua yangu. Disketi ya pili ikaingia, ya tatu, ya nne. Kila moja ilichukua muda wa kutosha kumenya viazi viwili. Baba alikaa kwenye kochi nyuma yake, kimya kuliko kawaida. Mama alipotangaza kwamba sasa ni ya nane, baba alisema labda wangepumzika, wanywe chai. Mama akakataa.

Ya tisa ilipoingia, mashine ilikoroma. Ikanyamaza, ikakoroma tena, kisha kioo kikaandika kwamba disketi hiyo haisomeki. Mama akaitoa, akaitazama, akairudisha. Alijaribu mara nne, na mara zote nne jibu likawa lile lile. Alipogeuka kumweleza baba, alimkuta ameinamisha kichwa kama mshtakiwa anayejua jalada lake lina nini.

"Mama Wacera," baba alisema, akimwita kwa jina langu, "hiyo niliifungua."

Ikabidi aeleze yote. Siku mzigo ulipofika, mama akiwa sokoni, yeye alizitoa disketi kuzihesabu. Akaona kila moja ina kijilango cha chuma kinachoteleza. Baba hajawahi kuona kitu chenye mlango asitake kujua ndani yake kuna nini. Aliutelezesha ule wa disketi iliyokuwa mkononi, akakuta duara la rangi ya kahawia, laini, na alivyokuwa akiona ukungu kila mahali siku hizo, alidhani lina vumbi. Akalifuta kwa kile kitambaa cha miwani. Kwanza alikilowesha kidogo.

Mama alitoka nje, akaenda zizini, akakaa na ng'ombe kwa muda. Aliniambia baadaye kwamba hakukasirikia disketi. Alikasirika kwamba mtu aliyemficha jambo dogo namna hiyo wiki nzima huenda anaficha na jingine. Aliporudi ndani alikuwa ametulia. Kioo kilikuwa bado kinaomba disketi ya tisa, na yeye aliogopa kuzima mashine ikiwa nusu ya zamani na nusu ya mpya. Akachukua karatasi, akaandika USIGUSE kwa herufi ambazo hata baba angeziona, akaibandika juu ya kioo, akateremka Karatina kunipigia simu.

Nilimwambia kwamba seti nyingine yoyote ya aina ile ile ingetufaa, hata kama ni hiyo disketi moja tu. Nilikuwa tayari kumtafutia Nairobi na kuituma, lakini ingechukua wiki. Hapo nikamkumbuka Sadia Samatar. Tulisoma pamoja mafunzo ya kompyuta miaka mitatu kabla, na sasa alikuwa na chuo kidogo cha taipu na kompyuta Nanyuki, ghorofani, juu ya duka la chakula cha mifugo. Nilimpigia kwake, nikamkuta, akasema anayo seti kamili, mama aje Jumatatu.

Kwa hiyo mashine ilibidi ikae inawaka tangu Jumamosi mpaka Jumatatu. Mama alikwenda kanisani Jumapili akamwachia baba ulinzi, na baba, kwa sababu ya hatia yake, alilinda kama askari wa benki. Tatizo lilikuwa Peterson. Peterson ni jirani wa upande wa chini, na alikuwa na mashine ya umeme ya kukatakata majani ya ng'ombe. Kila alipoiwasha, taa za nyumba yetu zilififia, na redio ikapoteza sauti. Jumapili mchana baba aliisikia ikianza kunguruma. Alishika fimbo yake, akateremka hadi kwa Peterson, akamweleza kwamba nyumbani kuna kazi iliyofika katikati na umeme ukitikisika itaharibika. Peterson alitaka kujua ni kazi gani. Baba alisema ni ya maji. Na kwa kuwa maji ya Peterson yote yalipita kwenye mikono ya baba, alizima mashine bila swali la pili, akakata majani kwa panga mpaka Jumatatu jioni. Mama alipopata habari hizo alimpelekea mayai kumi na mawili.

Jumatatu mama alifika Nanyuki kabla ya saa nne. Alikuta chumba chenye mashine sita, wasichana na vijana wapatao kumi, na Sadia mwenyewe akiwa amesimama ubaoni, mwanamke mrefu mwenye mtandio wa kijani na sauti ya chini. Sadia aliwaacha wanafunzi na zoezi, akampa mama kiti, akaagiza chai ya maziwa yenye viungo. Disketi ilikuwa imeshatolewa, iko mezani ndani ya bahasha.

"Siwezi kukutolea kopi, mama," Sadia alimwambia. "Hizi zimetengenezwa kwa njia yake, hazikubali kukopiwa. Beba hii yenyewe, ukimaliza utanirudishia."

Mama alishangaa kuaminiwa hivyo na mtu aliyemwona saa ile ile. Akataka kuacha kitambulisho chake. Sadia akakataa, akasema anamjua Wacera na hiyo inatosha. Halafu, ili mama asikae bure akisubiri chai ipoe, akamwomba awaonyeshe wanafunzi jinsi watu wa mahakamani wanavyopiga taipu. Mama alijitetea kidogo. Wakamletea ukurasa wa gazeti, akauweka kushoto, akaanza. Anasema hakufanya kitu cha ajabu. Sadia aliniambia tofauti. Aliniambia kwamba chumba kizima kiliacha kazi na kusimama nyuma ya kiti chake, kwa sababu macho yake hayakutoka kwenye gazeti hata mara moja na sauti ya vidole haikukatika, na alipomaliza walitafuta kosa, hawakuliona. Msichana mmoja aliuliza vidole vinajuaje pa kwenda. Mama alimwambia kwamba kila kidole kina nyumba yake, na kikitoka lazima kirudi nyumbani, basi, hakuna siri nyingine.

Alirudi kwetu saa kumi. Baba alikuwa mlangoni. Hakuna aliyekula kwanza. Mama aliondoa karatasi ya USIGUSE, akaingiza disketi ya Sadia, akabonyeza, na mashine ikaguna kidogo kisha ikaanza kusoma kana kwamba siku mbili hizo hazikuwahi kuwepo. Wakaingiza ya kumi, ya kumi na moja. Baada ya ya kumi na tatu kioo kikawa cheusi kabisa, baba akashika mkono wa kiti, na kisha pakatokea rangi ya samawati yenye mawingu meupe.

Baba alisogea. "Ni mbingu?"

Mama akasema ni mbingu. Baba akasema hata yeye anayaona mawingu, na kweli alinyoosha kidole akamwonyesha moja baada ya jingine.

Ilibaki kazi ya kipanya. Mama aliyezoea vitufe tu alikihangaisha juu ya meza, mara kikagonga sahani, mara kikaishiwa na meza, mpaka baba akamwambia akishike kama anavyoshika yai, na hapo kikatii. Akafuata ukurasa wa pili wa barua yangu hatua kwa hatua, akaamuru maandishi makubwa kuliko yote, meupe juu ya weusi. Kila herufi ikawa kama kifuniko cha chupa. Akafungua kitabu.

Baba aliegemea nyuma kwenye kiti, mgongo ukagusa, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu mwezi wa nne. Akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma jinsi chanzo kilivyojengwa, jinsi bomba la inchi nne linavyotoka ukutani na kufuata ukingo wa mto mpaka kwenye jiwe lenye umbo la ndama. Alisoma taratibu, kama anayesomea watu kanisani, na mama akaacha kushughulika na mashine akamsikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitabu hicho. Hakujua kwamba ndani yake baba alikuwa amewataja watu, aliyechimba kipande kipi, nani alipasua mwamba kwa siku tisa, mwanamke gani alijifungua mtoto akiwa njiani kuleta uji wa wachimbaji.

Walifika ukurasa wa thelathini na mmoja. Baba akaacha kusoma.

"Soma wewe," alisema.

Mama akatazama. Kioo kilikuwa kimejaa maandishi makubwa, meupe, safi, na hakuna hata neno moja. *Np,ns lines oms[oys.* Akashusha ukurasa. Ule uliofuata ulikuwa vivyo hivyo, na uliofuata. Kurasa ishirini na mbili, mpaka mwisho.

Wazo la kwanza la wote wawili lilikuwa kwamba Windows mpya imekula kitabu. Baba alisema ni yeye aliyeanza kuiharibu, kwa kufuta ile disketi. Mama alifungua mkebe wa kakao, akatoa nakala aliyoitoa Jumamosi kabla ya kugusa kitu chochote, akaisoma kwenye mashine. Nayo ilikuwa *np,ns lines*. Kwa hiyo haikuwa Windows, wala haikuwa disketi ya tisa. Kitabu kilikuwa hivyo tangu zamani.

Baba alielewa kabla yake. Mama anasema aliuona uso wake ukibadilika.

"Wiki sita," baba alisema. "Nilikuwa naona kitu nyeupe inatembea mbele yangu, nikajua ni maneno. Nikasema bora inatembea." Akageuza uso kutoka kwenye kioo. "Sikutaka ujue ni mbaya hivyo."

Mama alibaki anatazama kioo. Kilichomsumbua ni lile neno *lines*. Mahakamani alikuwa ameliandika mara elfu, ni Kiingereza, na baba hakuwa akiandika Kiingereza. Neno la kweli haliwezi kuota lenyewe katikati ya takataka. Aliweka vidole vyake kwenye kibodi, si ili aandike, bali alitaka tu kuhisi mikono iliyoandika lines ilikuwa wapi. L, I, N, E, S. Halafu akaisogeza mikono yote miwili kushoto, hatua ya kitufe kimoja, akarudia mwendo ule ule wa vidole. K. U. B. W. A.

Baba alikuwa ameandika kila neno sawasawa. Vidole vyake vilienda vilikofundishwa, vikarudi vilikofundishwa, ila nyumba yenyewe ilikuwa imehama kitufe kimoja kuelekea kulia, na yeye hakuwa na macho ya kuona hilo.

"Bomba kubwa inapita," mama alisoma.

Baba akainua kichwa. "Inapita wapi?"

Mama akarudi kwenye kioo, akapiga kimya juu ya meza kwa vidole, akasema, "Inapita nyuma ya shule, hatua nane kutoka kwa mti ya mugumo, halafu inashuka."

"Ndiyo," baba alisema. "Hapo ndipo tulikuta maji ya chini kwa chini. Endelea."

Akaendelea. Mistari ya kwanza aliitafuta kitufe kwa kitufe. Kabla ya kwisha ukurasa wa pili alikuwa anaisoma kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Pale alipokwama, baba alijua, kwa sababu alikuwa akikumbuka ardhi yenyewe. Waliacha walipogundua kwamba ng'ombe analalamika na hajakamuliwa.

Siku iliyofuata baba alimwambia mama mengine yaliyokuwa yamebaki. Alikuwa akiyaruka yale matone, kwa sababu yalimchoma, na kwa sababu aliona hayamrudishii kitu. Mama alimpeleka tena hospitalini kabla ya wiki kuisha. Daktari alimkemea kwa upole, akabadilisha dawa, akamweleza upya jambo alilokataa kulisikia mara ya kwanza, kwamba kilichobaki ni chake akikilinda. Tangu siku hiyo mama ndiye aliyemtia matone, asubuhi na jioni, na baba analala chali kwenye kochi akilalamika kwamba dawa ni baridi.

Kurasa zile ishirini na mbili ziliwachukua wiki mbili. Mama alisoma, baba akasahihisha, mama akaziandika upya. Kiswahili cha baba ni cha mtaroni, bomba inapita, vali iko na kutu, na mama alitaka kukinyoosha kama alivyozoea kunyoosha maneno ya mashahidi. Baba alikataa. Alisema fundi atakayekisoma akiwa amesimama matopeni atamwelewa. Walipatana kwamba mama atarekebisha vituo na herufi kubwa peke yake. Kisha akachukua gundi, akaweka tone moja juu ya F na jingine juu ya J, akayaacha yakauke yakawa vipele vigumu, ili vidole vya baba vijue vimefika nyumbani.

Disketi ya tisa aliirudisha Nanyuki mwenyewe, pamoja na mfuko wa viazi na kabichi mbili. Hakurudi siku hiyo mapema. Sadia alimwomba afundishe kidogo kabla ya kuondoka, na kabla ya kuondoka akamwomba aje tena. Mpaka leo, Alhamisi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, mama huvaa koti lake la mahakamani na kwenda kuwakaripia watoto wa watu wanaotazama vidole. Huko ndiko kitabu kilikochapishwa, nakala tano, zikashonwa kwa uzi mnene na kufunikwa kwa karatasi ngumu. Kamati ya maji ilichukua mbili. Moja ilikwenda shuleni, moja ikabaki nyumbani. Moja Sadia aliomba, akasema hana bomba lolote huko kwetu, lakini ameisoma habari ya mwanamke wa uji na angependa kuwa nayo.

Mimi nilifika Desemba kama nilivyoahidi, nikiwa nimejiandaa kufanya kazi ambayo ilikuwa imeshafanyika. Nilimkuta baba kwenye kiti chake, mgongo umeegemea, kioo mbele yake kina maneno sita tu kwa sababu hayakutosha zaidi. Alikuwa ameanza sehemu ya pili, mabomba madogo yanayoingia kwenye maboma. Mama alikuwa jikoni akimpinga kwa sauti kupitia mlangoni. Baba alisema vali ya boma la mzee Hezekiah iko hatua kumi na mbili kutoka kwenye ua. Mama alisema yeye alikuwepo siku inafukiwa, amebeba Wacera mgongoni, na ilikuwa mbali zaidi.

Nikasema mimi sikumbuki. Hakuna aliyenicheka.

Mwishowe baba alisimama, akatafuta fimbo yake, akaniambia nichukue jembe. Tulienda sote watatu kwa njia ya chini, mama mbele, baba katikati akiwa ameshika kidogo tu kona ya kanga ya mama, mimi nyuma na viatu vyangu vya Nairobi. Mzee Hezekiah alitupokea, akasema chimbeni mnapotaka bora msiguse vitunguu. Baba aliweka kisigino kwenye ua, akahesabu hatua kumi na mbili, akaniambia hapo. Nikachimba, nikapata udongo. Akasimama akifikiri, na jua lilikuwa usoni kwake. Akasogea hatua mbili zaidi.

"Jaribu hapa."

Jembe liligonga chuma kwenye pigo la tatu. Baba aliinama, akaingiza mkono shimoni, akakishika kichwa cha vali kwa vidole, akakizungusha kidogo kushoto na kidogo kulia kuona kama bado kinasikia.

"Kumi na nne," alimwambia mama. "Utaniandikia?"

"Utaandika mwenyewe," mama alisema, na akampa kona ya kanga afute udongo.